Maelezo ya Mjomba Wako Mrisho

Zena mwanangu,

Wewe na mama yako mmeshuka mjini kutafuta sanduku la pili, kana kwamba lile la kwanza halitoshi kuvunja mgongo wa mtu. Mimi nimeachwa hapa Kihonda na kuku wangu na sufuria ya maharage. Yakiungua, mjue yameungua kwa sababu ya barua hii.

Sitakwambia ule nini huko uendako, wala uvae nini baridi ikianza. Hayo anayo mama yako, na atakurudia mara saba kabla hamjafika stesheni kesho asubuhi. Mimi nina jambo moja tu. Naliandika kwa sababu mdomo umenigomea tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, na mguu wako sasa uko njiani.

Jumatatu ile ulinikalisha barazani, wewe na daftari lako jipya. Ulisema unajizoeza kuhoji watu, maana huko kwenye shahada ya uzamili ya kriminolojia na haki jinai unataka utafiti wako uwe juu ya wanaokaa mahabusu wakisubiri kesi. "Baba, wewe askari mstaafu, nianze na wewe." Ee, nilivyofurahi! Nilivuta kiti, nikajiweka sawa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Ukaniuliza mambo ya zamu, ya lindo, ya kuandika maelezo, nikawa najibu kwa maringo. Kisha, umeinamia daftari, ukauliza: "Umewahi kumweka ndani mtu ambaye hakuwa na kosa?"

Nikasema, "Hapana." Nikaongeza na utani, "Labda wenzangu."

Ukacheka, ukaandika. Mama yako alikuwa anachambua mchele pale mlangoni, akanyanyua uso akanitazama, kisha akaendelea na mchele wake. Ningependa sana angesema kitu.

Nilikudanganya, Zena. Niliwahi. Na mtu mwenyewe ni mjomba wako Mrisho, kaka wa mama yako, huyo huyo anayekuwekea parachichi kila ukipanda mlimani.

Utakumbuka ulipokuwa darasa la tatu ulituuliza mbona sikukuu mnakwenda kwa mjomba wewe na mama tu. Nikasema nina zamu. Ukauliza na yeye mbona haji kwetu. Mama yako akakuambia mjomba hapendi joto la mjini. Ukaridhika, na uliridhika mno, maana mwaka jana na digrii yako ya sheria ulimpelekea feni ya betri! Mtu anaishi juu kule, anaota moto mwezi wa saba, na wewe unampa feni. Mama yako aliniambia mjomba wako aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kabatini. Hakutaka kukuvunja moyo, wala hakutaka kunitaja.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa koplo kijana kutoka Singida, nimepangiwa kituo kidogo huko milimani, askari watatu na kaunta moja. Nilimkuta mama yako huko huko, nikaoa, na mwaka mmoja baadaye ulikuwa tumboni. Shemeji yangu Mrisho alinipenda. Ndiye aliyenifundisha kushuka mteremko wenye matope bila kukaa chini, somo ambalo mpaka leo sijafuzu.

Sasa haya ninayoandika hapa wewe umeyanyonya na maziwa, lakini mimi sikuyajua, ndiyo maana nayaandika. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwanamume atalima shamba la ukoo wake maisha yake yote, lakini akifa shamba halishuki kwa wanawe. Linarudi ukooni, kwa watoto wa dada zake. Kwetu Singida baba akifa, mtoto wa kiume anashika jembe kesho yake na hakuna anayemuuliza. Nilidhani dunia nzima iko hivyo. Mwaka mzima nimeoa Uluguru, nakula na kulala Uluguru, sikuwahi kuuliza.

Mzee Kibwana, mjomba wa mama yako na Mrisho, alifariki. Ukoo ulikaa baada ya arobaini, ukampa Mrisho ile migomba yake ya kule juu ya kijito. Mtoto wa marehemu, Saidi, alikuwa amekuja kutoka Dar kwa msiba, na jambo hilo halikumpendeza. Asubuhi moja akaja kituoni na viatu vinang'aa, kila baada ya neno la tatu ananiita Afande. Akasema kuna mtu kaingia shamba la baba yake marehemu kakata mkungu wa ndizi. Nani? Mrisho.

Pale ningeweza kumwachia mwenzangu nikasema huyu ni shemeji yangu, siwezi. Sikufanya hivyo. Nataka uelewe kwa nini, maana ndipo aibu yangu ilipo. Nilifurahi. Kijijini walikuwa wakinitania kwamba koplo amekwisha kuwa mkwe wao, hana meno tena. Nikaona leo ndiyo leo, watajua kwamba sheria haina shemeji.

Nilimkuta anabandua maganda ya migomba. "Karibu shemeji," akasema, "wiki ijayo nakuletea mkungu, huu wa kwanza nimempelekea mama." Nikamwambia yuko chini ya ulinzi. Akacheka. Njia nzima tunashuka anacheka, ananipigia soga, anadhani ni mzaha wa shemeji kwa shemeji. Alikuja kunyamaza nilipomwambia avue mkanda na viatu.

Kisha nikakaa kuandika maelezo yake. Hapa soma taratibu, mwanangu, maana ni kazi yako hii.

Mrisho alisema, nayakumbuka mpaka kesho: "Ndiyo, nimekata mkungu. Shamba la mjomba wangu. Nisipokata mimi, akate nani?"

Mimi nikaandika: "Nakiri kwamba niliingia katika shamba la marehemu na kuiba mkungu mmoja wa ndizi."

Wallahi, sikujiona nadanganya. Ndivyo nilivyokuwa nikiandika miaka yote. Mtu ananieleza yake, hadithi ndefu, na mkewe yumo, na mvua imo, mimi namsikiliza huku kichwani nina sentensi zangu tayari. Ukifungua mafaili yangu ya wakati ule utadhani mkoa mzima una mwizi mmoja tu, na anaongea kama mimi. Nilimsomea Mrisho haraka haraka, kwa sauti ile ya kusoma risala. Kusoma hakujui vizuri. Nikamshika kidole gumba mimi mwenyewe, nikakibonyeza kwenye wino, nikakibonyeza kwenye karatasi.

Jioni mama yako akaniuliza kwa upole, "Hivi umemuuliza mtu yeyote pale kijijini hilo shamba la nani?" Nikamjibu, "Usiingilie kazi ya serikali." Ndivyo nilivyomjibu, nimekaa mezani pake, nakula alichopika.

Kesho yake nikawa zamu ya kaunta. Mama yako akaja na bakuli la chakula cha kaka yake, tumbo la miezi minane mbele. Unajua utaratibu wetu: anayemletea mahabusu chakula lazima akionje kwanza mbele ya askari, isije ikawa sumu. Mwenzangu alikuwa amesimama pale anatutazama. Nikasema, "Onja." Ni ugali wa nyumbani kwangu, Zena, na mboga ya sufuria yangu. Akamega, akachovya, akatafuna taratibu huku ananitazama usoni, akameza. Akasema, "Nimeonja, Afande." Nikapokea bakuli. Siku nne aliendelea kuja, na siku nne nilimwambia aonje.

Baadaye Mrisho akapelekwa mahakama ya mwanzo, dhamana haikupatikana, akaletwa gerezani huku mjini. Kesi ikapigwa kalenda. Ikapigwa tena. Wiki sita. Ulizaliwa humo katikati. Bibi yako alikupakata akasema, "Mjomba wake yuko wapi aje amwone?" Mimi nikajifanya natafuta kiberiti.

Siku ya ushahidi nilipanda kizimbani nimepiga pasi mpaka mikunjo inakata. Nikaeleza. Karatasi ikasomwa, na Mrisho akasimama akasema, "Kidole changu, maneno siyo yangu." Mmoja wa wazee wa baraza wanaokaa na hakimu alikuwa bibi wa Kiluguru, mwembamba, ana ushungi wa bluu. Akaomba kuniuliza swali.

"Afande, umeoa wapi?"

"Hapa hapa, mama."

"Basi mwalimu ulikuwa naye nyumbani."

Watu wakacheka mpaka hakimu akagonga meza. Ukoo ukaja ukaeleza shamba, Mrisho akaachiwa siku hiyo hiyo. Nje nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nikitafuta neno. Akapita, akasimama, akasema, "Ahsante, Afande." Tangu siku ile hakuniita shemeji tena.

Nisikufiche kitu, sikwenda kumwomba radhi. Nilijiambia ameachiwa, yamekwisha. Nikahamishiwa mjini, nikapata usajenti, tukapanga nyumba mtaa wa Mafiga, ukaanza shule, maisha yakanoga. Nimeishi vizuri, Zena, na sijuti kuishi. Na sikuwa askari mbaya. Sikula rushwa, sikumpiga mtu, nilifika kazini kabla ya wenzangu. Nilimfunga mtu wiki sita nikiwa katika ubora wangu kabisa, na hilo ndilo limekuwa likiniamsha.

Kitu kimoja nilikibadilisha. Niliporudi kituoni nilianza kuandika maneno ya mtu kama alivyoyatoa, na mvua yake humo, na matusi yake humo, kisha namsomea pole pole na kumuuliza, "Ndivyo ulivyosema?" Wenzangu walinicheka wakaniita mtunzi wa riwaya. Hakimu mmoja aliwahi kusoma maelezo ya mama mmoja muuza mboga akacheka mpaka akavua miwani, lakini kesi ile iliamuliwa kwa haki, na yule mama mpaka leo nikipita sokoni ananifungia mchicha. Nilijiona nimelipa. Kumbe nilikuwa nimewatendea wema wengine wote isipokuwa yule mwenyewe.

Basi ulipoandika ile "hapana" yangu, usingizi uliniruka. Alhamisi nikakuaga nakwenda kuangalia dawa ya kuku. Nilipanda mlimani. Bodaboda ilinifikisha mwisho wa barabara, pale mbele ni miguu. Miaka sitini na kitu hii, na kitambi cha pensheni! Nilipumzika mara sita. Watoto wa shule walinipita wakiimba, wakanipa shikamoo, wakanipita tena wakirudi.

Mjomba wako alikuwa kwenye matuta yake ya maharage. Aliniona kwa mbali akaendelea kulima. Nilipofika nikasimama nahema, yeye analima. Mwishowe akasema, bila kugeuka, "Afande, ukifia hapa nitaonekana nimekuua mimi. Kaa."

Nikakaa chini kwenye udongo. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na nikamweleza yote, hata ile ya daftari lako. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya mpini.

Nikatarajia aniambie alishanisamehe zamani, au anifukuze. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akasema, "Kulala ndani nilizoea. Chawa nilizoea. Unajua kilichonitesa nini? Ile karatasi. Kule ndani usiku nilianza kujiuliza, labda kweli niliiba. Mbona serikali imeandika, na kidole changu kipo? Nilirudi nyumbani mtu mzima, naogopa kukata ndizi. Mwaka mzima nikikata mkungu nilikuwa naita jirani aje asimame ashuhudie."

Zena, nilikuwa sijui. Miaka yote nilihesabu wiki sita. Kumbe kuna mwaka mzima ambao mtu anaita jirani.

Nililia. Sitakuficha, nililia pale kwenye matuta mbele ya mbwa wake. Alinisubiri nimalize, akanipa maji kwenye kikombe cha plastiki, akakaa na yeye. Tukakaa sana. Akaniuliza kuku wangu wanaendeleaje. Akaniuliza hiyo kriminolojia ndiyo nini, kwani mtoto anasomea wizi? Jirani yetu Mama Neema aliuliza vile vile, nikampa jibu la kujipiga kifua, nikamwambia binti yangu atakuwa mtaalamu. Mjomba wako sikuweza kumjibu vile. Nikamwambia, "Anasomea kwa nini watu kama mimi huwaweka ndani watu kama wewe." Akasema, "Hiyo ni shule ya kweli. Aende." Kisha akasema, "Lakini mwambie, shemeji. Asiende huko na maneno yako ya kaunta."

Aliniita shemeji, Zena. Sikuthubutu kumwambia nimesikia, nisije nikamshtua akalirudisha. Nikateremka mlima ule nimeanguka mara mbili na sikuhisi kitu.

Sasa unajua. Unakwenda Afrika Kusini, nchi ya wale vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi wakaja kuishi Mazimbu, hapa hapa kwetu, nilipokuwa naanza kazi. Walikuja kusoma kwetu wakiwa hawana mahali pa kurudi, na wewe unakwenda kusoma kwao ukiwa na mahali pa kurudi, hilo linanipa furaha usiyoweza kuipima. Utakaa na watu wenye vitabu vikubwa, watakufundisha maneno ya kila kitu. Yashike, ni mazuri. Mimi nakuomba tu, siku utakapokaa mbele ya mtu aliyefungwa, na yeye anaeleza, na wewe tayari kichwani una jina la jambo lake, usubiri kidogo kuandika. Nami nilikuwa nayo majina, na yalikuwa sahihi kwa mujibu wa kitabu changu.

Kwenye daftari lako futa "hapana" yangu. Andika "ndiyo", andika haya yote, na usinifiche kwa kuniita askari mmoja mstaafu wa mkoani. Nilikuwa baba yako siku ile pia, ulikuwa tumboni umbali wa hatua mbili kutoka kaunta yangu.

Najua watu huandika barua hizi wakasema, fungua ukifika. Mimi sitaki ufungue ukifika. Nataka usome leo, kabla ya magharibi, ukiwa bado unaweza kuja kuniambia usoni chochote utakachoona. Ungekuwa mbali ungenisamehe haraka, kwa kunionea huruma. Sitaki hiyo.

Na kuna jambo mama yako hajui, usimwambie, acha alione mwenyewe. Mrisho anashuka leo. Atalala hapa kwetu kwa mara ya kwanza, na kesho atakusindikiza mpaka stesheni. Majirani watakuja jioni kukuombea dua, na watanitazama mimi nisimame nikuage, kama baba. Sitasimama. Kwenu neno la kumuaga mtoto anapoondoka ni la mjomba, na hilo neno nimelikalia tangu ulipozaliwa. Leo atalisema mwenyewe, na mimi nitakuwa nasikiliza.

Maharage yameungua. Nasikia geti, mmerudi, na mama yako anamsifia muuza sanduku kwamba alikubali kushusha bei. Nakwenda kuiweka barua hii juu ya nguo zako.

Ukimaliza kusoma utoke barazani. Mrisho atakuwa ameshafika, utatukuta tumekaa wawili. Anza na mjomba wako, mpe shikamoo yake. Mimi nipo kiti cha pili, na kama shikamoo yangu leo itachelewa, usijilazimishe, mwanangu. Nitakaa hapo hapo niisubiri.

Baba